Kufunga turbaini ya upepo nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia shimo la nguzo mpaka taa kuwaka

Wadau, maswali yanayokuja ni yaleyale kila msimu wa upepo. "Feni inazunguka vizuri ila betri haijai." "Mapanga yamekatika usiku." "Kontrola imeungua wiki ya pili tu." Ukifuatilia kesi moja moja unakuta chanzo ni kati ya viwili: turbaini imewekwa chini sana, au imeungwa kwa vifaa vya sola kana kwamba ni paneli. Sasa naweka kazi yote hapa hatua kwa hatua, mtu afuate mwanzo mpaka mwisho.

Mfano ninaoutumia ni turbaini ya kipenyo cha mita 2 (yaani ncha ya panga mpaka ncha ya upande wa pili), mfumo wa volti 24, nguzo ya mita 12, nyumba ya pembeni ya mji kama Singida au Makambako ambako upepo upo wa kutosha. Yako ikiwa kubwa zaidi hesabu zitabadilika, mpangilio ni uleule.

Vifaa vya kuandaa

Usinunue chochote kabla hujamaliza hatua ya 1, lakini orodha yenyewe hii hapa:

- Turbaini yenye mkia, mapanga matatu, kipenyo mita 2, ya volti 24
- Kontrola ya turbaini ya upepo (narudia, ya upepo, sio ya sola) pamoja na dampu yake, yaani hita ya kumwagia umeme uliozidi
- Rektifaya (inageuza umeme wa AC wa turbaini kuwa DC ya betri), kama haipo ndani ya kontrola
- Swichi ya breki ya kuunganisha nyaya tatu za turbaini kwa pamoja
- Betri za volti 24, fyuzi za DC na inveta
- Waya wa shaba wa 16mm², nyuzi tatu, kuanzia juu ya nguzo mpaka kwenye betri
- Bomba la chuma la inchi 3 lililopigwa zinki, vipande viwili vya mita 6, na kimoja cha mita 6 cha mkono wa kunyanyulia
- Kamba ya waya ya 6mm kama mita 110, klipu zake, vikaza kamba 8
- Saruji, mchanga, kokoto, nondo za 16mm
- Fimbo za ethi za shaba za mita 1.5 na waya wake
- Winchi ya mkono ya tani 1 au zaidi, pimamaji, tesa, helmeti na glavu

Nguzo, kamba na zege kwa pamoja vinaweza kukutoka hela nyingi kuliko turbaini yenyewe. Ndo hali halisi, na anayebana hapo ndiye anayekuja kuuliza mbona haichaji.

Hatua ya 1: Pima upepo kabla ya kutoa hela

Nguvu ya upepo inaenda na kasi zidisha kasi zidisha kasi, yaani kasi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nane. Turbaini yetu ya mita 2, kwenye miinuko ya mita 1,500 hivi ambako hewa ni nyepesi, ikipata upepo wa mita 3 kwa sekunde inatoa kama wati 10. Kwenye mita 5 inatoa kama 50. Kwenye mita 10 inafika 400. Ni turbaini ileile na nyumba ileile, kilichobadilika ni upepo tu.

Anza na Global Wind Atlas, ramani ya bure iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia. Tafuta kijiji chako, halafu badilisha kimo mpaka kisomeke mita 10, kwa sababu ramani ikikuonyesha kasi ya mita 100 juu wewe huko hufiki. Kisha nunua au azima kipima upepo, kifunge juu ya mti mrefu wa kuazima mahali utakapoweka nguzo, andika asubuhi, mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na ikiwezekana upime kiangazi na masika kwa sababu tofauti ni kubwa.

Huna kipimo? Angalia mazingira. Majani na vijiti vidogo vikicheza muda wote na bendera nyepesi ikinyooka, hapo upo kama mita 4 kwa sekunde. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakitikisika umefika 6 hivi. Miti iliyokua imelalia upande mmoja ni dalili nzuri sana, maana hiyo imepigwa na upepo miaka.

Wastani wa mwaka ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde kwenye kimo cha nguzo yako, achana na turbaini, nunua sola. Nasema hivi kwa kumaanisha. Nyumba iliyobanwa na miembe au ipo katikati ya mtaa wa ghorofa haitapata kitu hata ufunge turbaini ya bei gani.

Umefanikiwa kama: una namba kwenye daftari na wastani ni mita 4.5 au 5 kwenda juu.

Hatua ya 2: Jumlisha matumizi yako

Chukua wati za kila kifaa zidisha kwa saa. Taa 6 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni 210. Tivi ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. King'amuzi cha wati 15 saa hizohizo ni 75. Simu za familia weka 60. Hapo tupo karibu wati-saa 600, ukiweka friji ndogo ya DC unafika kama 1,200, yaani yuniti moja na kidogo kwa siku.

Turbaini ya mita 2 kwenye wastani wa mita 5 kwa sekunde itakupa kama yuniti 1 hadi 1.5 kwa siku. Inatosha. Pasi ya umeme na jiko la koili sahau.

Onyo la dukani: usinunue kwa kusoma wati zilizoandikwa kwenye boksi, nunua kwa kipenyo. Kuna turbaini zinauzwa "1000W" na kipenyo chake ni mita 1.2 tu, ili hiyo itoe wati 1000 inahitaji upepo wa kilomita 60 kwa saa, upepo wa kuezua mabati.

Hatua ya 3: Chagua mahali, na usifunge kwenye paa

Kanuni ni kwamba sehemu ya chini ya mapanga iwe juu angalau mita 10 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 100, mti, nyumba, tanki la maji. Upepo ukipita juu ya nyumba unavurugika, unakuja vipande vipande, mkia unahangaika kugeuka, beringi zinakufa mapema na umeme unaopata ni kidogo. Kwenye paa kuna tatizo la pili, mtetemo unashuka ukutani na hulali.

Mita 12 inafaa eneo la wazi lenye vichaka vifupi na mbali na nyumba. Kama kuna miti ya mita 6 karibu, panda mpaka mita 18. Watu wa Lake Turkana Wind Power, mradi mkubwa wa umeme wa upepo kule Marsabit, Kenya, ambako upepo ni wa kusifika, hawakuridhika na upepo wa chini, turbaini zao 365 zimesimama kwenye minara ya mita 44.

Hakikisha nguzo ikianguka upande wowote haifiki kwenye nyumba, njia ya watu wala nyaya za umeme. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege, waulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu urefu.

Hatua ya 4: Msingi na nanga

Nguzo yetu inasimama kwa bawaba chini na inashikiliwa na stei (zile kamba za waya) nne kwa kila ngazi, ya juu na ya chini. Kwa hiyo unachimba mashimo matano: moja la katikati na manne ya nanga, mbele, nyuma, kushoto na kulia, kila moja mita 6 kutoka katikati. Shimo la nanga liwe sentimita 60 kwa 60, kina 90. Udongo wa kichanga ongeza.

Hapa pana jambo ambalo likikosewa linaharibu kila kitu baadaye, naomba usome taratibu. Nanga ya kushoto, bawaba ya katikati na nanga ya kulia lazima vikae kwenye mstari mmoja ulionyooka na usawa mmoja. Tumia uzi na mpira wa maji kama mafundi ujenzi wanavyofanya. Zikipishana, nguzo ikiwa inapanda stei za upande mmoja zitakaza mpaka zikatike na za upande mwingine zitalegea, na nguzo inakulalia ubavuni ikiwa nusu ya safari.

Nondo ikunjwe ndoano chini, na juu itoke imelala kuelekea kule stei itakakotoka. Zege uwiano 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Mwagilia maji siku 7 na usiweke mzigo kabla ya wiki mbili. Najua watu wana haraka, ila nanga iking'oka hakuna cha kuokoa.

Umefanikiwa kama: ukipiga nondo kwa nyundo zege halipasuki, na uzi unapita sawasawa kwenye nanga mbili za pembeni na bawaba.

Hatua ya 5: Nguzo na stei

Unganisha vipande viwili vya bomba kwa kipande cha ndani kisha uchomelee vizuri, paka rangi ya zinki pale moto ulipopita kwa sababu kutu itaanzia hapohapo.

Stei za juu funga kwenye mita 10.6 kutoka chini. Kwa nini sio juu kabisa? Kwa sababu mapanga yanashuka mpaka mita 11, yakigusa kamba yamekwisha. Za chini weka mita 5.5. Kila ncha ya kamba ipite kwenye kile kipande cha chuma cha umbo la tone kinachozuia kamba isikunjike kona kali, halafu klipu tatu.

Klipu zina upande wake. Lile tandiko pana linakaa kwenye kamba inayobeba mzigo, ile U inabana ncha fupi iliyorudi. Ukigeuza, U inaikata kamba nzima taratibu na hutajua mpaka siku ya dhoruba.

Mkono wa kunyanyulia ni lile bomba la tatu la mita 6. Linafungwa pale kwenye bawaba likiwa wima wakati nguzo imelala, stei za mbele zinafungwa kwenye ncha yake, na winchi inavuta ncha hiyo kwenda nanga ya mbele. Ufunge pia kamba mbili za pembeni usiyumbe kushoto na kulia.

Nyanyua nguzo tupu kwanza, bila turbaini. Irekebishe stei mpaka isimame wima kwa pimamaji, kisha ishushe tena. Hii kazi ya ziada ndiyo inayokuonyesha kasoro zote wakati hakuna kitu cha thamani juu.

Hatua ya 6: Kagua turbaini ikiwa bado chini

Zungusha kwa mkono, isikwaruze. Halafu unganisha nyaya zake tatu kwa pamoja uzungushe tena: lazima iwe nzito sana na uzito uwe sawasawa mzunguko mzima. Ikiwa nzito kwa mikupuo mikupuo, waya mmoja haujagusa au koili ina hitilafu. Ikibaki nyepesi kabisa, usiipandishe, irudishe dukani.

Achanisha nyaya, weka tesa kwenye AC, mtu azungushe kwa mwendo mmoja, pima waya 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3. Namba zikaribiane.

Mapanga yafunge kwa seti yake, usichanganye ya turbaini mbili. Pima umbali kutoka ncha moja hadi nyingine, zote tatu zilingane, maana panga likiwa limekaa vibaya nguzo nzima itatetemeka. Bolti weka gundi ya nyuzi na nati za kufunga. Kagua bawaba ya mkia pia ile inayofanya turbaini ijikunje pembeni upepo ukizidi, isikwame.

Waya unaoshuka ndani ya bomba ufunge juu kwa kishikio chake ili uzito wote usining'inie kwenye tamino (pale nyaya zinapoungwa). Halafu unganisha nyaya tatu za chini kwa pamoja, yaani breki iwe imewashwa, na zibaki hivyo mpaka hatua ya 8. Turbaini haipandi juu ikiwa huru.

Hatua ya 7: Kunyanyua

Fanya asubuhi mapema upepo ukiwa umelala. Mtu mmoja tu ndiye anatoa amri. Mmoja kwenye winchi, mmoja kila upande kuangalia stei, wengine wote na watoto wakae mbali zaidi ya mita 15. Hakuna mtu kusimama chini ya nguzo hata sekunde moja.

Usivute kwa gari wala kwa watu ishirini na kamba. Nguzo na turbaini vina kilo 100 na kitu, winchi ya tani 1 inaweza bila shida na inakupa mwendo wa polepole, gari linashtua. Mzigo ni mkubwa nguzo inapoachana na ardhi, kwa hiyo ikifika kimo cha kiuno simama, kagua kila klipu na kila pini, ndipo uendelee. Ikikaribia kusimama itataka kukimbilia mbele yenyewe, hapo stei za nyuma ndo zinaishika, punguza mwendo kabisa.

Ikishasimama hamisha mzigo wa mbele kwenye nanga, kaza stei zote sawa kwa sawa lakini zisiwe kama nyuzi za gitaa, na vikaza kamba uvifunge kwa waya visijifungue kwa mtetemo.

Hatua ya 8: Umeme, na hapa ndo wengi wanapoharibu

Paneli ya sola ukiikata kutoka kwenye betri inakaa tu, haina tatizo. Turbaini ukiikata inakuwa kama baiskeli iliyokatika mnyororo mlimani, hakuna kinachoishika, inaongeza kasi mpaka volti zinapanda sana na kuchoma vifaa, au mapanga yanapasuka. Kontrola ya sola kazi yake ni kukata betri ikijaa. Umeona sasa? Betri inajaa saa nane usiku na upepo mkali, kontrola inakata, na asubuhi unakuta panga shambani kwa jirani.

Kontrola ya upepo haikati, inaelekeza umeme kwenye dampu. Dampu iweze kubeba wati zote za turbaini na zaidi kidogo. Kwa yetu, ambayo kwenye upepo mkali inafika wati 600, kwenye volti 28.8, hita ya ohm 1 inakula wati kama 830, inafaa. Usichukue hita ya birika ya volti 230 ukadhani itafanya kazi: ya wati 1000 ina ohm 53, kwenye volti 28 inakula wati 15 tu, yaani ni sawa na hakuna dampu. Ifunge kwenye ukuta wa tofali, ipate hewa, mbali na mapazia na magunia. Inapata moto kweli.

Mpangilio: turbaini, swichi ya breki, rektifaya, kontrola na dampu, fyuzi, betri. Inveta inatoka kwenye betri kwa fyuzi yake.

Waya usiubanie. Kwa mita 40 na ampia 20, waya wa 6mm² unapoteza karibu volti 5 njiani, wa 16mm² unapoteza kama 1.8. Nyumba ikiwa mbali zaidi ya hapo nenda mfumo wa volti 48, ampia zinashuka nusu.

Betri za lead acid za 200Ah kwenye volti 24 zina wati-saa 4,800, tumia nusu tu zisife mapema, hiyo ni siku mbili za nyumba yetu yenye friji. Dampu iseti ianze kwenye 28.4 hadi 28.8. Ziweke penye hewa kwa sababu zinatoa gesi inayowaka. Ukitumia lithiamu kumbuka BMS yake (saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri) inaweza kukata ghafla, na ikikata turbaini inabaki huru, hivyo kontrola yako lazima iwe ya aina inayofunga breki yenyewe betri ikipotea.

Utaratibu wa kuwasha ni huu na usiugeuze: betri kwanza, kisha dampu, kisha turbaini ikiwa bado kwenye breki, mwisho ndo unaachia breki. Kuzima ni kinyume, breki kwanza ndipo ukate betri. Na breki usiipige katikati ya dhoruba, koili zinaweza kuungua, subiri upepo utulie kidogo.

Ethi: fimbo moja chini ya nguzo, na kila nanga iwe na yake, stei zote ziunganishwe. Nguzo ya chuma eneo la wazi radi inaipenda. Nyaya za ndani ya nyumba mpe fundi mwenye leseni.

Umefanikiwa kama: ukiachia breki mapanga yanaanza taratibu, na upepo ukifika mita 3 au 4 kwa sekunde mwendo unapungua kidogo kwa sababu imeanza kubeba mzigo, ampia zinaonekana kwenye kontrola na volti za betri zinapanda polepole. Ikizunguka kwa kasi sana na mlio mkali wakati ampia ni sifuri, piga breki haraka, kuna waya umeachia.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza na kuendelea

Baada ya siku 7 kaza stei tena, kamba mpya huwa zinanyooka. Baada ya mwezi rudia. Kisha kila miezi sita, na lazima kabla ya msimu wa upepo, shusha nguzo, kagua nyufa kwenye mapanga, bolti, beringi, tamino, kutu kwenye nondo za nanga. Waya wa ndani ya nguzo huwa unajikunja turbaini inavyogeuka, ufungue chini uunyooshe, breki ikiwa imewashwa.

Sikiliza mlio. Sauti mpya ya kugonga au kutetemeka ni panga limelegea, usisubiri kesho.

Kama bajeti inaruhusu ongeza paneli moja au mbili za sola kwenye betri zilezile, na zenyewe zitumie kontrola yao ya sola, zikutane kwenye betri tu. Miezi ambayo upepo umelala sola inabeba nyumba, usiku na siku za mawingu yenye upepo turbaini inaendelea kuchaji.